Habari za Jakob Steiner, Mwalimu wa Maumbo

Katika nchi ya Uswisi, si mbali na mji wa Bern, kipo kijiji kiitwacho Utzenstorf. Huko Jakob Steiner alizaliwa tarehe 18 Machi 1796. Wazazi wake walikuwa wakulima, na mikono yake ilihitajiwa shambani. Kwa hiyo hakujifunza kuandika hata alipopata miaka 14. Alipokuwa na miaka 18 aliondoka nyumbani, ingawa wazazi hawakupenda, akaenda Yverdon katika shule ya Pestalozzi. Ada hakuwa nayo, lakini Pestalozzi akampokea vivyo hivyo, maana alitaka maskini nao wafundishwe. Huko wanafunzi hawakukaririshwa maneno ya mwalimu, bali walizoezwa kutafuta wenyewe sababu ya kila jambo.

Mwaka 1818 alikwenda Heidelberg, na mwaka 1821 Berlin, akijipatia riziki kwa kufundisha. Mwaka 1832 alitoa kitabu chake kikubwa, na mwaka 1834 akafanywa profesa katika Chuo Kikuu cha Berlin.

Sasa, ndugu msomaji, tuitazame elimu yake. Mtu apimaye shamba hapa Sumbawanga akikita vigingi viwili, ajua ya kuwa kamba moja tu iliyonyoka itapita penye vyote viwili. Akikita vitano, pasiwe na vitatu katika mstari mmoja, upo mkato wa pia mmoja tu upitao penye vyote vitano. Mkato wa pia ni mstari uonekanao pia ikikatwa kwa msumeno: pengine duara, pengine duara iliyovutwa, pengine mpindo usiofunga. Wenye hesabu huuita mstari wa daraja ya pili.

Mwaka 1844 Steiner alikuwa Roma pamoja na Jacobi na Dirichlet, na huko akagundua uso wa ajabu, uitwao hata leo Uso wa Kirumi. Fikiri kikapu: kila mahali pana ufito upitao, lakini ukichagua mahali pawili ovyo, ni nadra ufito mmoja kupita penye pote pawili. Katika uso wa Steiner sivyo. Chagua nukta mbili zo zote, isipokuwa mahali pachache pasipo kawaida, nawe utaona mkato wa pia mmoja, ulalao wote juu ya uso ule, ukizipitia zote mbili. Sababu yake ni hii: kila nukta ya uso ule ina mwenziwe katika uwanda ulio sawa, na kila mstari mnyofu wa uwanda una mwenziwe aliye mkato wa pia. Basi kama vigingi viwili vina kamba moja, ndivyo nukta mbili zina mkato mmoja. Tangu hapo wataalamu wameuliza swali hilo kwa maumbo makubwa zaidi, na kwa nukta nyingi zaidi, na kwa mistari ya daraja za juu.

Steiner hakuuandikia kitabu uso huo. Weierstrass na Kummer ndio walioeleza habari zake mwaka 1863.

Lakini mtu huyu hodari alikosa pia. Mwaka 1848 alitangaza ya kuwa mikato ya pia iigusayo mingine mitano iliyowekwa ni 7776. Watu walimsadiki kwa ajili ya sifa zake. Kumbe alikuwa amehesabu pamoja nayo mistari minyofu iliyorudufishwa, isiyogusa kwa kweli. Mwaka 1864 Chasles alionyesha hesabu ya haki, ndiyo 3264. Jina kubwa haligeuzi hesabu.

Steiner alikufa Bern tarehe 1 Aprili 1863. Katika wasia wake aliikumbuka shule ya Utzenstorf, akaiachia fedha za kuwatuza watoto wahesabuo vema moyoni.

Basi, walimu wa vijiji vya Ufipa, akija kwenu kijana aliyechelewa kwa sababu ya jembe au ng'ombe, msimrudishe nyumbani. Mpeni kalamu, tena mwacheni aulize sababu, hata ya yale mliyoyasadiki siku nyingi.