Maisha ya Hayati Adrian Atiman, Mganga na Katekista wa Karema

Kila mwenzetu aliyesafiri kutoka Kigoma kwenda kusini kwa meli ya Liemba, enzi zile ilipokuwa ikifanya safari zake, atakumbuka jinsi ilivyokuwa ikipiga honi na kusimama mbali na ufuko, na jinsi mitumbwi ilivyoikimbilia kuchukua abiria na mizigo. Wenzetu wa Karema walikuwa wakiteremka hapo wakati wa likizo, masanduku yao ya bati yakipokewa mtumbwini kwa kelele nyingi. Sisi tuliokuwa tukiendelea na safari tuliegemea chuma cha meli, tukawapungia mikono, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba katika kijiji kile aliishi miaka 67 mtu mmoja ambaye maisha yake yangetufaa kuliko mengi tuliyokariri darasani.

Jina lake wengi tunalisikia. Ipo Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga, na ipo nyumba iitwayo Atiman House mjini Dar es Salaam. Lakini uliza Atiman alikuwa nani, na huenda ukajibiwa kwamba alikuwa Mzungu mmoja wa misheni. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mpaka nimekwisha kuwa mtu mzima. Kwa hiyo nimeona vema nieleze habari zake kwa kifupi, hasa kwa kuwa shule yetu ilituketisha dawati moja Waislamu na Wakristo wa mwambao huu, na habari za mtu huyu zinatuhusu sote.

Adrian Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi alikamatwa na Watuareg, akatengwa na wazazi wake, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa. Katika mji wa Metlili, ukingoni mwa jangwa upande wa Algeria, alikombolewa na mapadri wa shirika ambalo kwetu tumezoea kuliita Mapadri Weupe. Shirika hilo lilikuwa changa. Lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali.

Hapo yafaa tusimame kidogo. Mtoto aliyenunuliwa, hata akinunuliwa ili awe huru, hajachagua anakopelekwa. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kurudi Niger, na njia ya kurudi ilikuwa mikononi mwa watu wale wale waliomwuza. Alikuzwa na mapadri, akafundishwa kusoma na kuandika, akafundishwa dini, akabatizwa. Yote hayo alipewa. Swali la maisha yake lilikuwa moja: je, yule aliyepewa kila kitu na watu wengine atatoa nini yeye mwenyewe, kwa hiari yake?

Kardinali Lavigerie alikuwa na mpango wake. Aliona wamisionari wa Ulaya wanakufa kwa homa kila mwaka, akasema moyoni kwamba Afrika itaokolewa na Waafrika wenyewe. Mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, ambako vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani walisomeshwa uganga wa kisasa, na pamoja na uganga huo wakafunzwa kazi ya ukatekista. Alitaka wapate elimu ya Ulaya lakini wabaki Waafrika kwa chakula, mavazi na makao, ili wasitenganike na watu watakaowatibu. Wako watakaosema kwamba hii ilikuwa njia ya kuwanyima vijana wale heshima ya udaktari kamili, na neno hilo lina uzito wake. Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao. Alisoma Malta mpaka mwaka 1888, akahitimu akiwa na umri wa miaka kama 22. Chuo chenyewe hakikudumu, lakini kati ya vijana wake wote Atiman ndiye aliyejulikana kuliko wengine.

Mwaka huo huo wa 1888 Kardinali alianza kuzunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, na Atiman akapanda meli kuja Zanzibar. Kutoka pwani hadi ziwani hakukuwa na reli. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Safari ilikuwa ya miguu, miezi kadhaa, katika njia ya misafara inayopita Tabora. Ndiyo njia ambayo pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo walishushwa kwenda pwani, na Ujiji yetu ilikuwa moja ya vituo vyake vikubwa. Kijana aliyevushwa Sahara akiwa mtumwa sasa alipanda njia ya watumwa kutoka upande wa pili, akiwa huru, na dawa zikiwa katika mizigo ya msafara.

Aliwasili Karema mwaka 1889. Boma la Karema lilikuwa limeanza kujengwa na Wabelgiji mwaka 1879, juu ya kilima kilichokuwa karibu kabisa na maji. Baadaye ziwa lilipungua kwa sababu mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibua njia yake, na ufuko ukahamia mbali na boma. Wabelgiji waliwaachia Mapadri Weupe mahali hapo mwaka 1885. Serikali ya Kijerumani ilikuwa bado haijafika ziwani. Ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, alikuwa akiwalinda watu wa misheni kwa bunduki dhidi ya wateka watumwa. Watu waliokombolewa au waliotoroka walikimbilia misheni, wakajenga vibanda vyao kulizunguka boma. Walikuwa watu wa makabila mengi, wasio na ukoo wa kuwapokea, wala mashamba ya mababu, wala makaburi ya kwao ya kutambikia.

Kwa watu hao ibada ilikuwa kitu kikubwa kuliko tunavyodhani sisi tuliozaliwa kanisani. Misa ilisomwa kwa Kilatini, lugha wasiyoielewa, lakini mafundisho yalitolewa kwa lugha za Kiafrika, na kengele ya asubuhi iliwaita wote pamoja, yule Mfipa na yule Mtabwa na yule ambaye hakujua tena kabila lake. Kanisa ndilo lililokuwa ukoo wao mpya. Tena mtu hakubatizwa kwa pupa. Kanuni ya Kardinali ilitaka mwanafunzi wa dini akae miaka minne akifundishwa na kutazamwa mwenendo wake kabla ya kupewa ubatizo. Miaka minne si kitu cha mchezo. Aliyetaka dini kwa ajili ya nguo au chakula alichoka njiani.

Kazi ya kufundisha ilikuwa ya Atiman pia. Aliletwa awe mganga na katekista, wala hakuacha moja kwa ajili ya nyingine. Yule anayemfundisha mtu sala ndiye aliyekuwa akimsafisha vidonda. Katika kanisa dogo kama lile jambo hilo halifichiki. Watu wanaona kama mwalimu wao anaamka usiku anapoitwa, wanaona kama anamgusa mwenye ndui, wanaona kama ana uso mmoja kanisani na mwingine nyumbani kwa mgonjwa maskini. Mahubiri ya mtu wa namna hiyo yanapimwa kila siku.

Mapema alimwoa Agnes Wansahira, msichana wa ukoo wa kichifu wa Wabemba, ambaye naye alikuwa amekombolewa utumwani. Tufikirie arusi hiyo. Bwana arusi alitoka Niger, bibi arusi kusini ya ziwa, na upande wa bwana arusi hapakuwa na mjomba wala shangazi wa kuja kusimama naye. Mtoto wao Joseph alikua katika kijiji kile cha misheni akawa padri. Watu wawili waliouzwa kama bidhaa walilea mtoto aliyesimama altareni kuwaombea wengine.

Uganga wenyewe ulikuwa mgumu. Dawa za Ulaya zilifika kwa vichwa vya wapagazi, na zilipokwisha zilikuwa zimekwisha. Atiman hakuwadharau wenyeji kwa sababu ya cheti chake cha Malta. Alijifunza miti na mizizi waliyoitumia, akachunguza ipi inafaa na ipi haifai, akaitumia pamoja na kwinini na kisu cha upasuaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliingia mwambao wa ziwa letu ukaua watu wengi. Yeye hakuondoka.

Tuhesabu sasa aliyoyaona akiwa mahali pamoja. Alifika kabla ya Wajerumani. Aliwaona wakija, akawaona wakitawala. Mwaka 1914 vita vikafika ziwani, na mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha meli yao ya Graf von Götzen kusini ya Kigoma, ile ambayo Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuipa jina la Liemba. Wakaja Waingereza na utawala wao. Maaskofu walibadilika, mapadri walikuja wakafa au wakahamishwa. Kila bendera iliyopanda ilimkuta Atiman yuko Karema na wagonjwa wake wamekaa kivulini wakimngoja. Serikali ya Kiingereza ilimpa nishani, na Kanisa lilimpa nishani zake. Mwaka 1946 maisha yake, aliyoyaeleza mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, likasomwa na wasomi wa nchi nzima. Alikuwa na umri wa miaka 80, na bado kijiji chake kilikuwa kile kile.

Alifariki dunia huko Karema mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru.

Sasa nirudi kwenye lile swali. Atiman alikuwa na kila sababu ya kwenda kwingine. Alijua lugha za Ulaya. Alikuwa na elimu ambayo mwaka 1889 ni Waafrika wachache sana waliokuwa nayo. Wala Karema haikuwa kwao, hata aseme damu ndiyo iliyomfunga. Wapo wanaosema kwamba alibaki kwa sababu alikuwa na deni kwa waliomkomboa. Mimi siamini kwamba deni linaweza kumweka mtu miaka 67. Mwenye deni hulipa, kisha huaga. Aliyebaki mpaka kufa ni yule aliyekwisha kuacha kuhesabu. Kwa lugha ya Kanisa lake huyo ndiye anayeitwa mfuasi, naye hamfuati Bwana kwa midomo siku ya Jumapili tu. Alichagua mwenyewe, na kila asubuhi alipofungua mlango wa zahanati alichagua tena.

Nasema haya nikijionea haya. Wengi wetu tulisomeshwa kwa jasho la watu wa mwambao huu, watu waliouza migebuka na mawese ili tupate nauli na daftari. Tulipomaliza tulipanda treni pale stesheni ya Kigoma, tukaenda Tabora, Dodoma na Dar es Salaam, na wengine mbali zaidi. Mimi ni mmoja wao. Kijijini kwetu nimerudi kwa misiba zaidi kuliko kwa kazi. Mama mmoja mzee aliwahi kuniuliza, kwa upole, kama shule ile ilinifundisha njia ya kwenda tu. Sikuwa na jibu.

Sisemi kwamba kila mmoja wetu ahamie kijijini kesho. Nchi inahitaji watu kila mahali, na anayefanya kazi kwa uaminifu mjini naye anajenga. Lakini tunapokutana mwaka hadi mwaka kula, kukumbushana majina ya utani na kuwaombea waliotutangulia, yafaa tuulizane pia kila mmoja amebaki wapi, na amebaki kwa ajili ya nani.

Karema ya leo imo katika Mkoa wa Katavi, na miaka ya karibuni imejengewa bandari mpya. Mwenzetu atakayefika huko kwa kazi au kwa matembezi asiishie bandarini. Apande hadi kwenye boma la zamani, alitazame ziwa lilivyo mbali sasa, kisha awaombe wenyeji wamwoneshe alipoishi Mzee Atiman. Naye akirudi atuletee habari hapa gazetini, maana bado kuna mengi ya kujifunza juu ya mtu huyu.

Mungu amlaze mahali pema peponi. Amina.