Lise Meitner na Nishati Iliyopotea

Katika mada ya unururifu umejifunza kwamba kiini cha atomu kinapotoa chembe ya beta, kinachotoka ni elektroni. Mtahiniwa wengi huishia hapo, wakakariri na kusonga mbele. Soma sasa maisha ya mwanamke aliyezipima elektroni hizo kwa zaidi ya miaka 20. Utaona kwamba namba inayoandikwa baada ya alama ya ±, yaani kiasi cha shaka cha kipimo, si pambo la ripoti ya maabara.

Lise Meitner alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1878. Siku hizo shule ya msichana iliishia umri wa miaka 14, na sekondari za kumfikisha mtu chuo kikuu zilikuwa za wavulana. Alifundishwa na mwalimu binafsi, akafaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu mwaka 1901 akiwa, kama tunavyosema leo, mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka 1906 alipata shahada ya udaktari ya fizikia. Mwaka uliofuata alihamia Berlin, Ujerumani, akaanza kazi na mkemia Otto Hahn. Taasisi ile haikupokea wanawake, kwa hiyo alipewa chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala, akakatazwa kupanda ghorofani. Mshahara hakuwa nao.

Fumbo lililomshika lilikuwa hili. Chembe za alfa zinazotoka katika aina moja ya kiini huwa na nishati zilezile. Meitner alitarajia elektroni za beta nazo ziwe hivyo. Lakini mwaka 1914 James Chadwick, akiwa hapohapo Berlin, alionyesha kwamba elektroni hutoka na nishati za kila kiasi, kuanzia ndogo sana hadi kikomo fulani. Meitner alikuwa na maelezo: zote hutoka kwenye kiini zikiwa sawa, kisha kila moja hupoteza kiasi chake njiani. Fikiria wanafunzi wanaopewa nauli sawa nyumbani, kisha kila mmoja anafika shuleni na chenji tofauti.

Charles Ellis wa Cambridge, Uingereza, hakukubali. Mwaka 1927, pamoja na William Wooster, aliweka radiamu E (leo huitwa bismuthi 210) ndani ya kalorimeta yenye kuta nene kiasi cha kuzuia elektroni zote. Angalia ujanja wa jaribio hili. Hata kama elektroni zilipoteza nishati njiani, hasara hiyo nayo ingebaki ndani ya kalorimeta na kugeuka joto. Kwa mfano wetu, walihesabu chenji pamoja na nauli iliyotumika. Kama Meitner alikuwa sahihi, kila kiini kingetoa joto sawa na kikomo, yaani elektronivolti 1,050,000. Kama Ellis alikuwa sahihi, joto lingelingana na wastani tu wa nishati za elektroni, takriban 390,000.

Walipata 350,000 ± 40,000.

Hapa chukua kalamu. Kutoka 350,000 hadi 1,050,000 ni tofauti ya 700,000, ambayo ni zaidi ya mara 17 ya kiasi cha shaka. Tofauti hiyo haiwezi kusingiziwa kifaa. Kutoka 350,000 hadi 390,000 ni 40,000, sawasawa na shaka yenyewe, kwa hiyo jibu hilo linakubalika. Bila ile ± 40,000 usingeweza kuamua lolote kati ya haya mawili.

Matokeo yalimshtua Meitner. Angeweza kuyapuuza, maana alikuwa tayari profesa mwenye jina. Badala yake yeye na Wilhelm Orthmann walijenga kalorimeta bora zaidi, wakarudia jaribio zima. Walipata 337,000, shaka ikiwa asilimia 6, kama 20,000 hivi. Ukiandika mipaka ya majibu yote mawili utaona yanaingiliana. Maabara mbili, vifaa viwili tofauti: kosa la mfumo lililojificha Cambridge lisingetarajiwa kujirudia Berlin. Tena Meitner alitafuta miale ya gama ambayo labda ilitoroka na nishati iliyobaki. Haikuwepo. Alikiri kwamba Ellis alikuwa sahihi.

Basi theluthi mbili za nishati zilikwenda wapi? Niels Bohr alikuwa tayari kutilia shaka kanuni ya hifadhi ya nishati, kanuni ileile unayoitegemea katika kila swali la mashine na joto. Desemba 1930 Wolfgang Pauli aliandika barua kwa wanafizikia waliokutana Tübingen, Meitner akiwemo, akapendekeza kwamba chembe isiyoonekana, isiyo na chaji, ndiyo inayoondoka na nishati hiyo. Iliitwa neutrino. Ilinaswa mwaka 1956 huko Marekani, karibu na tanuri la nyuklia.

Hadi leo, katika mashine ya CERN inayogonganisha protoni, neutrino hupenya kalorimeta bila kuacha dalili. Watafiti hupima nishati iliyonaswa kila upande na kutafuta upande uliopungukiwa. Upungufu mdogo kuliko shaka ya kalorimeta hauhesabiwi kuwa kitu.

Kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, Meitner alitoroka Ujerumani Julai 1938 na kuishia Sweden. Desemba mwaka huohuo, pamoja na mpwa wake Otto Frisch, alieleza jinsi kiini cha urani kinavyopasuka, akakokotoa kuwa hutolewa elektronivolti takriban milioni 200. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 kwa ugunduzi huo alipewa Hahn peke yake. Meitner alifariki Cambridge, mji wa maabara ya Ellis, Oktoba 1968. Elementi namba 109 ina jina lake.