Akiba Ambayo Kifagio Hakikuifagia: Maisha ya J.M. Kariuki

Masomo ya wiki: Mithali 13:11 na Mithali 13:22

Wiki hii tunaangalia maisha ya mtu wa hapa kwetu, Josiah Mwangi Kariuki, yule wengi tunamjua kama JM. Ukitaja jina hilo kwa wazee, kitu cha kwanza wanakumbuka ni kifo chake. Mimi nataka tuanze na utoto wake, kwa sababu mzazi anayehangaika na karo mwezi huu ana cha kujifunza huko.

JM alizaliwa tarehe 21 Machi 1929, Kabatini, hapo Bahati. Ukipanda matatu hapa mjini saa hii ni mwendo mfupi tu. Lakini Kabatini ya wakati huo ilikuwa nchi ya mashamba ya wazungu. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri, wakaja Bonde la Ufa kama maskwota. Vijana wetu hawalijui sana neno hilo, wacha nilieleze.

Skwota alipewa ruhusa ya kuishi kwa shamba la mzungu, kulima kipande kidogo na kufuga mifugo yake. Yeye naye alidaiwa kazi. Sheria ya 1918 ilisema siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na baadaye siku hizo zikazidi kuongezwa. Mshahara ulihesabiwa kwa tikiti ya siku 30, na ulikuwa shilingi chache tu. Kwa hivyo akiba ya skwota haikuwa pesa. Ilikuwa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mtu alijinyima, akauza mahindi, akanunua mbuzi, na mbuzi wakazaana. Hiyo ndiyo ilikuwa benki yake.

Halafu katika miaka ya 1920 wazungu wakaanza kuipunguza mifugo hiyo. Mtu aliambiwa auze au aondoke shambani. Maskwota wenyewe waliliita jambo hilo kifagio. Hebu fikiria, mtu ameweka akiba miaka kumi, halafu inafagiwa kwa siku moja kama takataka za uani. Na ardhi ile hakuwa na hati nayo. Akifukuzwa, nyumba aliyoijenga anaiacha.

Katika hali kama hiyo, mzazi aweke wapi jasho lake? Wengi wa maskwota wakapata jibu moja: kwa kichwa cha mtoto. Shule. Kile mtoto amejifunza, hakuna bwana shamba anaweza kukihesabu zizini wala kukifagia.

Lakini shule nayo ilitaka pesa. JM alianza masomo, na mwaka huohuo akatoka kwa kukosa karo ya shilingi mbili. Shilingi mbili, wapendwa! Leo hiyo huwezi kununua hata peremende. Kwa nyumba ya skwota, ilikuwa ukuta. Kijana akaenda kufanya kazi kwa shamba la mzungu, kama wenzake.

Sasa nafika mahali ambapo ningeweza kuruka, lakini sitaruka. Pesa iliyomrudisha JM shuleni ilitoka kwa dau la mbio za farasi. Alibeti, akashinda. Najua kuna vijana hapa ambao wakisoma mstari huo watanionyesha simu, ile ndege inayopaa na pesa za watu, waniambie: Pasta, si hata JM alibeti?

Naomba kijana huyo asikize vizuri. Farasi alikimbia mara moja, dakika chache. Masomo yalichukua miaka mingi. JM alihama shule hadi shule, akiwa amechelewa, hadi akafika King's College Budo kule Uganda. Alipomaliza alikuwa mtu mzima wa miaka 20 na ushee. Hakuna farasi aliyemfanyia mtihani. Na siku ile farasi wake alishinda, ni vibarua wangapi walirudi kwa mashamba na mifuko mitupu? Hao hatuna majina yao. Kamari huhifadhi hadithi ya aliyeshinda tu. Somo letu la Mithali 13:11 linatofautisha mali ya haraka na ile ya kukusanya kidogo kidogo, na JM ukimwangalia vizuri, kilichomjenga ni hicho cha pili. Pesa ya haraka ilipoingia mkononi, aliipeleka kwa karo. Hakuirudisha kwa farasi.

Alirudi kutoka Budo wakati wa hali ya hatari. Akafungua hoteli hapa Nakuru, na hoteli hiyo ikawa pia mahali pa kuwasaidia wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1953 akakamatwa. Akazungushwa kambi baada ya kambi hadi 1960. Miaka saba. Hoteli ilikwisha, biashara ilikwisha. Kifagio kingine hicho.

Lakini akiba ile ya kichwani hawakuipata. Ndani ya kambi wafungwa walifundishana kusoma na kuandika, na JM aliandika barua za kulalamikia mateso yao, zikavuka kuta hadi kwa wakubwa. Alipotoka akaandika kitabu kuhusu miaka hiyo, Mau Mau Detainee, kikachapishwa 1963. Mwaka huo pia akachaguliwa mbunge. Akawa katibu wa Mzee Kenyatta, baadaye waziri msaidizi. Mtoto aliyefukuzwa kwa shilingi mbili sasa alikuwa na shamba lake mwenyewe, Gilgil.

Hapa ndipo wengi wetu tungesema amina na kufunga kitabu. Nyumba imejengwa, watoto wanasoma, Mungu ni mwema. JM hakufunga. Hakuwa malaika, na alikuwa tajiri, hilo hakulificha. Lakini alisimama Bungeni na kwenye harambee akiuliza mbona watu waliopigania ardhi bado hawana ardhi, na mbona wachache wanachukua mashamba makubwa huku watoto wa maskwota wakibaki walivyokuwa. Angeweza kunyamaza, ashibe. Mwezi Machi 1975 aliuawa, mwili wake ukapatikana Ngong. Bunge liliunda kamati kuchunguza, lakini hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Alizikwa Gilgil, katika bonde hilihili lililomzaa. Alikuwa na miaka 45, karibu 46.

Wapendwa, nachukua mambo matatu.

Kwanza, angalia akiba yako iko wapi. Sisi wa Nakuru tunajua vifagio. Tuliviona 1992, tukaviona 2008: nyumba zikachomwa, mifugo ikaenda, watu wakalala kwa hema. Weka pesa kwa chama, weka kwa sacco, nunua ploti na uhakikishe hati iko kwa jina lako. Lakini usisahau sehemu ya mtoto, kwa sababu hiyo ndiyo anaweza kukimbia nayo.

Pili, usidharau shilingi mbili. Mama anayeuza sukumawiki Free Area na kuweka hamsini kila jioni anafanya kazi kubwa kuliko anavyojua. Na wewe mwenye boda, ile mia unayobeti kila siku ni elfu tatu kwa mwezi. Hiyo ni karo ya mtu.

Tatu, Mithali 13:22 inataja urithi unaofika hadi kwa wajukuu. Urithi huo si nyumba tu. Ukiinuka, kuna mtoto wa jirani amekaa nyumbani kwa kukosa kidogo. Mwangalie.

Kazi ya wiki hii: keti na mwenzako na watoto, mwandike kwa karatasi kinachoingia, kinachotoka, na kinachobaki. Kama hakuna kinachobaki, mtafute pamoja kinapovujia. Halafu mwombe juu ya karatasi hiyo. Bwana abariki kazi ya mikono yenu.