Robert Koch na Kifua Kikuu

Mtoto wetu wa Hail, je, wajua kwamba zamani wengi Ulaya waliamini kifua kikuu hurithiwa? Daktari Robert Koch, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1843, alionyesha sivyo. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kijidudu kinachouleta, kinachopatikana katika makohozi ya mgonjwa. Dawa aliyoitoa mwaka 1890 haikuponya, lakini ugunduzi wake ulibaki. Mwaka 1906 alifika visiwa vya Ssese, Uganda, kuchunguza malale. Alifariki mwaka 1910.

Basi ukikohoa, ziba mdomo. Usishinde na kiyoyozi tu. Fungua madirisha hewa ipite. Kikohozi kikifika wiki mbili, mwambie mama mwende hospitali. Kifua kikuu si aibu ya ukoo. Ukimaliza dawa, utapona.