Robert Wangila: Ngumi Iliyoleta Dhahabu Kutoka Seoul

Huku kwetu Meru na Embu ndondi si mchezo wa kila kijiji. Vijana wetu hukimbia na kucheza kandanda, na mwenye kutamani ulingo huona afadhali ashuke Nairobi. Hata hivyo, litaje jina la marehemu Robert Wangila dukani, iwe Runyenjes au Maua, nawe hutakosa mtu mzima anayekumbuka habari za redio za mwaka 1988.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Alipokuwa akikua, Kenya ilikuwa na sifa ya masumbwi tayari. Philip Waruinge alirudi na medali ya fedha kutoka Munich mwaka 1972, na Ibrahim Bilali akaleta shaba kutoka Los Angeles mwaka 1984. Dhahabu ndiyo iliyokuwa bado.

Huko Seoul mwaka 1988 Wangila alipigana katika uzani wa welta, yaani wasiozidi kilo 67. Katika fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, na katika raundi ya pili akamlaza kwa nokauti. Umri wake ulikuwa miaka 21. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki, na mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeipata. Kenya ilirudi na dhahabu tano mwaka huo. Nne zilikuwa za wakimbiaji: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilikuwa ya ngumi za Wangila.

Lakini je, msomaji, medali huliwa? Wangila aliamua kuzifanyia biashara ngumi zake, akaenda Marekani na kuingia ndondi za kulipwa. Ulingo ni ule ule, ila mchezo ni mwingine kabisa. Seoul alipigana raundi tatu tu, kichwani akiwa na kofia ya kinga. Katika ndondi za kulipwa kofia huvuliwa, glavu huwa nyepesi zaidi, na raundi hufika kumi au hata kumi na mbili. Huko alishinda mara 22 na kushindwa mara 5. Ubingwa wa dunia hakuupata. Ajabu ni kwamba Boudouani, yule yule aliyelazwa Seoul, aliunyakua ubingwa huo mwaka 1996, wakati Wangila amekwisha kufa.

Tarehe 22 Julai 1994, katika mji wa Las Vegas, Wangila alipanda ulingoni kupambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa aliona anapigwa mno, akaingia kati na kuusimamisha mchezo. Wangila alilalamika. Alikuwa angali amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na bondia aliyezoea kuwaangusha wengine hapendi kuondolewa akiwa wima. Kwa maoni yangu refa alifanya haki. Kama palikuwa na kosa, lilikuwa la kuchelewa, si la kuharakisha.

Alitembea mwenyewe hadi chumba cha kubadilishia nguo. Humo ndimo alimoanguka na kupoteza fahamu, kwa kuwa ubongo ulikuwa umeumia. Alifariki hospitalini tarehe 24 Julai. Angetimiza miaka 27 mwezi wa Septemba.