Aliyeiwamba Ngozi Hatajwi

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma huivutia ngozi kwake. Methali hiyo hunirudia kila nikumbukapo maisha ya Palghat Mani Iyer, mpiga ngoma mashuhuri wa kusini mwa India, kwani kwake mambo yalikwenda kinyume. Mwambaji aliivuta ngozi, sifa zikavutwa na mwingine.

Ngoma yake iliitwa mridangamu. Huchongwa kwa gogo la mfenesi, ikawambwa pande zote mbili na kupigwa kwa viganja na vidole. Mani Iyer, aliyezaliwa mwaka 1912 katika eneo la Palakkad, aliwasindikiza waimbaji wakuu tangu ujana wake. Mwaka 1966 alitunukiwa Sangita Kalanidhi, heshima ambayo mpiga mridangamu yeyote hakuwahi kuipata kabla yake. Alikuwa na misimamo mikali pia. Kuna wakati alikataa katakata kupiga mbele ya vipaza sauti, na kwa miaka mingi hakukubali kuwasindikiza waimbaji wa kike, hadi alipoanza kumpigia D. K. Pattammal. Kwa hili la pili simsifu hata kidogo.

Lakini linaloniudhi zaidi ni lile la ngozi. Mridangamu haulii bila ngozi ya ng'ombe, ya mbuzi na ya nyati wa kufugwa. Mani Iyer alikuwa Mbrahmini. Kwa watu wa tabaka lake ng'ombe ni mtakatifu, na kushika ngozi ya mzoga ni najisi. Najisi hiyo ilibebwa na Parlandu, Mkristo wa tabaka la Wadaliti, wa ukoo wa Sebastian wa Thanjavur. Kwa miaka na miaka wawili hao waliitafuta sauti pamoja, mmoja kwa sikio lisiloridhika upesi, mwingine kwa mikono iliyojua ngozi ipi nene, ipi nyembamba. Je, msomaji, hiyo si sanaa ya watu wawili? Jukwaani aliketi mmoja.

Mani Iyer aliaga dunia mwaka 1981. Mwaka 2020 mwimbaji T. M. Krishna, Mbrahmini naye, alitoa kitabu kuhusu wambaji hawa. Taasisi ya Kalakshetra ya Chennai, iliyokuwa imekubali kizinduliwe ukumbini mwake, ikaiondoa ruhusa hiyo. Kitabu kilizinduliwa kwingine, na jina lililoandikwa jaladani ni la Sebastian na wanawe.