Bibi Titi na Njia ya Ikulu

Wananchi wa Bariadi wanakumbuka mwaka 1995, John Cheyo wa kwao alipogombea Urais. Wagombea wote wanne walikuwa wanaume.

Sisi twamkumbuka marehemu Bibi Titi Mohamed. Tangu 1955 alipita katika vikundi vya ngoma, ambamo mwenyewe alikuwa mwimbaji, akawaingiza akina mama TANU kwa maelfu. Baada ya Uhuru akawa Waziri Mdogo. Mwaka 1965 wapiga kura wa Rufiji wakamnyima ubunge. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972. Alifariki mwaka 2000.

Mwaka 2021 Ndugu Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Visiwani, aliapishwa kuwa Rais, naye aliingia kwa Umakamu. Viongozi wa Simiyu, je, kata ngapi zenu zina madiwani wanawake waliochaguliwa kwa kura?